Pikapu ya Kuazima na Mshale wa Joto



Juma hili tumeona tuziweke kando mada zetu za kawaida za malezi na ndoa, tuzungumze juu ya chombo ambacho familia nyingi hukitegemea kwa riziki na kwa safari, nacho ni gari kuukuu. Sisi si mafundi. Tulilelewa chuoni, hatukulelewa karakana. Lakini lilitupata jambo Kakamega likatufundisha kwa gharama, na elimu iliyokwisha kulipiwa si vyema kuificha. Tunawaandikia hasa akina mama, kwa sababu wengi wao siku hizi ndio wenye magari, au ndio wakaao kiti cha mbele wakauona mshale wa joto ukipanda, kisha wakanyamaza kwa kudhani kwamba mambo ya injini hayawahusu.

Safari ya mabusati

Tulikuwa watatu: mwandishi wa makala haya, mwalimu mwenzetu, na kijana wetu mmoja ambaye ndiye dereva. Tulikuwa tumetoka Mombasa kwenda kuwatembelea ndugu zetu wa Mumias na Kakamega. Uhusiano wa pwani na upande huo si wa jana. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilifika kwa wafalme wa Wanga tangu karne ya 19, na Uislamu ukaota mizizi pale katika zama za Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949. Hata leo mtu wa pwani akifika huko hupokewa kama aliyerudi kwao.

Msikiti mmoja mdogo wa Kakamega ulikuwa umenunuliwa mabusati mjini Kisumu, nasi tukajitolea kwenda kuyachukua. Mama mmoja mjane akatuazima pikapu yake, Peugeot 504 aliyoachiwa na marehemu mumewe, gari ambalo watu huliita Pijo, na ambalo yeye hulitumia kupelekea ndizi na mboga sokoni. Umri wa pikapu ile ulikuwa mkubwa kuliko wa kijana wetu. Alipotukabidhi ufunguo, mama yule alituusia mambo mawili tu: tutazame maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, na tusiikimbize mlimani.

Asubuhi ya Alhamisi tuliondoka mapema, wala hatukufungua boneti. Kwenda kulikuwa kuteremka, na gari lilikwenda bila mzigo, kwa hivyo hatukuona lolote. Kisumu iko ufukweni mwa ziwa, kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kakamega iko juu ya mita 1,500. Anayerudi na mzigo huanza kupanda mara tu aupitapo mji wa Kisumu, na mlima wa kuelekea Kiboswa ni mkali. Tulikuwa na mabusati mazito, jua limekwisha kupanda, na pikapu ikawa inanguruma kwa gia ya pili.

Tulipofika Majengo, kijana akasema kwa adabu, "Sheikh, mshale wa joto umepita katikati. Tusimame kidogo?"

Tukamwambia, "Twende tu mwanangu, si mbali."

Tulipofika Chavakali alisema tena, na safari hii mshale ulikuwa umekaribia alama nyekundu. Tukamjibu vile vile. Wasomaji mtatuuliza haraka ilikuwa ya nini. Haikuwepo. Mabusati yalitakiwa kwa Ijumaa, na siku ile ilikuwa Alhamisi, saa tano ya asubuhi. Tulikuwa tumeahidiwa chakula cha mchana, na tuliona haya kuonekana tumesimama kando ya barabara kama watu walioshindwa. Hakukuwa na zaidi ya hilo.

Kabla ya kufika Khayega, mshale ukashuka wenyewe. Ukarudi katikati, kisha ukashuka chini zaidi. Tukasema alhamdulillah, gari limepoa. Kijana hakusema kitu. Tukaendelea hadi Ilesi, pale penye ule mwamba mkubwa uitwao Ikhongo Murwi, ambao maji hutiririka kutoka kichwani mwake na watu husema unalia. Hapo ndipo injini ilipoanza kugonga, ikapoteza nguvu, na mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Gari likasimama.

Kosa la pili

Kijana alishuka, akafungua boneti, akachukua kitambaa, akakizungusha kifuniko cha rejeta. Hatukumzuia, kwa kuwa hatukujua. Kifuniko kiliruka, na mvuke pamoja na masalio ya maji yaliyokuwa yakichemka vikampata mkono wa kulia tangu kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Pembeni palikuwa na mama aliyekuwa akiuza miwa. Alikuja mbio na mtungi wa maji, nasi tukadhani ni maji ya rejeta. Yeye hata hakulitazama gari. Alimshika kijana, akamvua saa ya mkononi, akaanza kummiminia maji polepole juu ya mkono. Mtu mmoja akapendekeza dawa ya meno, mwingine mafuta ya kupikia. Akawakatalia wote, akatuma mtoto alete mtungi mwingine, akaendelea kumimina kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu kama saa nzima.

Hospitalini tuliambiwa kwamba maji yale ndiyo yaliyouokoa mkono. Basi na liandikwe hapa kwa faida ya kila nyumba: aliyeungua kwa maji moto au mvuke apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe saa, pete na bangili kabla ya kuvimba, asipakwe dawa ya meno, siagi, yai wala mafuta, afunikwe kwa kitambaa safi, kisha apelekwe kwa daktari.

Alichotuonyesha fundi

Pikapu ilivutwa hadi kwa mafundi wa jua kali mjini Kakamega. Fundi aliyetupokea alikuwa mtu mpole. Alichomoa kijiti cha kupimia oili akatuonyesha: oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Maji yameingia kwenye oili," akasema. "Mzee, hedi imekwenda."

Hedi ni kile kifuniko kizito kinachofunika sehemu ya juu ya injini. Katika gari lile ni cha alumini, na chini yake bloki ni ya chuma. Kati ya viwili hivyo huwekwa gasketi, kitu chembamba ambacho kazi yake ni kuzuia maji, oili na moto visikutane. Petroli inapowaka ndani ya silinda, moto wake hupita nyuzi 2,000, ilhali alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Kinachoizuia injini isijiyeyushe ni kwamba mwako hudumu kwa kitambo kidogo sana, na maji hupita daima kando ya kuta, yakichukua takriban theluthi moja ya joto lote na kulipeleka kwenye rejeta likapeperushwe na upepo.

Joto likizidi, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Lakini imefungwa kwa bolti, haina pa kwenda, basi hupinda. Fundi aliifungua hedi, akaweka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, akapitisha kipimo chembamba chini ya rula. Mafundi hawapendi mwanya uzidi sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi moja ya kuandikia. Wetu ulizidi mara kadhaa. Gasketi ilikuwa imeungua baina ya silinda mbili. Hedi ikabidi ipelekwe kusawazishwa kwa mashine, na hata hilo lina mpaka wake, kwa maana kila inaposawazishwa hupungua unene.

Tukamuuliza juu ya mshale. Ikiwa ulishuka, si ni dalili kwamba injini ilipoa? Akatabasamu kwa huzuni. Kifaa kinachopima joto, akasema, hukaa ndani ya maji na hupima joto la maji. Maji yakikauka, kifaa hubaki hewani, na mshale huweza kushuka ilhali chuma kinaungua. Kwa hiyo pale Khayega tuliposhukuru, ndipo maji yalipokuwa yamekwisha. Yaliyotokea kabla ya hapo pengine yangetengenezwa kwa kubadilisha hozi moja. Yaliyotokea baada ya hapo ndiyo yaliyopinda hedi.

Maji yalipotelea wapi? Hozi ya chini ilikuwa na ufa mdogo, na kifuniko cha rejeta kilikuwa na mpira uliochakaa. Hili la kifuniko akina mama watalielewa upesi kuliko waume zao. Anayepika maharagwe Kakamega hujua kwamba huchukua muda mrefu kuliko Mombasa. Sababu ni kwamba Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, na Kakamega, kwa ule urefu wake, huchemka kwa takriban nyuzi 95. Dawa yake jikoni ni sufuria ya presha, kwa kuwa mvuke ukibanwa, maji huchelewa kuchemka. Kifuniko cha rejeta hufanya kazi hiyo hiyo: kikiwa kizima, huongeza nyuzi zaidi ya 20 kabla maji hayajachemka. Kikichakaa, injini ambayo joto lake la kawaida ni nyuzi 80 hadi 95 huwa haina nafasi tena, nayo huchemka kwenye mlima wa kwanza. Ndiyo sababu pia kifuniko hicho kikifunguliwa kingali moto, sehemu ya maji hugeuka mvuke kwa mpigo mmoja, kama ilivyompata kijana wetu.

Jambo la mwisho alilolikuta ni kwamba thamostati, ule mlango mdogo unaozuia maji hadi injini ipate joto kisha ukayafungulia, ilikuwa imeng'olewa miaka mingi nyuma. Wapo mafundi wanaoing'oa wakidhani wanaliponya gari. Rejeta iliyoziba haiponi kwa hilo. Injini hukaa baridi siku za kawaida, ikala mafuta mengi na kuchakaa upesi, na siku ya mlima huchemka vile vile.

Mambo ya kushika nyumbani

Tumeyakusanya haya kutoka kwa fundi, tukayahakiki kwa mafundi wengine wa Mombasa baada ya kurudi.

Kwanza, kila asubuhi injini ikiwa baridi, boneti ifunguliwe na maji yatazamwe, na ardhi iliyo chini ya gari itazamwe pia. Doa la maji pale gari lilipolala ni habari. Rejeta inayopungua maji kila siku bila doa ni habari kubwa zaidi, kwa maana huenda maji yanaingia ndani ya injini.

Pili, sisi wa pwani tusitie maji ya kisima kwenye rejeta. Maji yetu yana chumvi, nayo hula chuma na kuacha magadi ndani ya vijia vyembamba vya rejeta hadi vizibe. Itiwe kulanti inayouzwa madukani, na ibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake. Kulanti nyingi ni sumu na zina utamu, basi chupa iwekwe mbali na watoto, na iliyomwagika ioshwe.

Tatu, hozi na mkanda wa feni vipapaswe kwa mkono injini ikiwa imezimwa na imepoa. Hozi iliyolainika kama ndizi mbivu, au iliyopasuka kandokando ya kibano, haingoji mwisho wa mwezi.

Nne, mshale ukipita mahali pake pa kawaida, gari lipunguzwe mwendo, kiyoyozi kizimwe, na lisimamishwe mahali pa salama palipo karibu, injini izimwe. Karibu maana yake ni hapo, si mji unaofuata. Mshale ukishuka ghafla baada ya kupanda sana, hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kusimama.

Tano, ingojwe nusu saa kwa uchache. Kifuniko kisiguswe mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono bila kuunguza, kisha kifunguliwe kwa kitambaa kinene, robo ya mzunguko kwanza, uso ukiwa mbali. Maji yaongezwe kidogo kidogo, kwa kuwa maji baridi yakimwagwa kwa mpigo kwenye chuma cha moto huweza kukipasua.

Sita, oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe ukiendelea kutoka nyuma hata injini ikiwa imepata moto, au mapovu yakionekana kwenye rejeta, gari lisiwashwe tena. Livutwe. Gharama ya kuvutwa ni ndogo sana ikilinganishwa na ya injini nzima.

Na la saba ni la watu: aliyeuona mshale aseme, na aliyeambiwa asikie, hata kama msemaji ni mtoto wake, au mkewe, au mwanafunzi wake. Mdharau mwiba mguu huota tende, nasi tulioudharau tulikuwa watu wazima wenye vilemba.

Dhamana

Likabaki jambo zito kuliko hedi. Jioni ile ilitupasa kwenda kwa mwenye gari.

Hatutaficha kwamba tulishawishika. Fundi mwenyewe alitwambia kwa wema, "Gari hili ni zee, hakuna atakayewalaumu." Mwalimu mwenzetu akasema kwamba rejeta ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na ni kweli. Tungeweza kusema maneno ya kweli yote, tukaacha moja tu, nalo ni kwamba tuliambiwa Majengo na tukaambiwa tena Chavakali. Hakuna ambaye angejua isipokuwa kijana, na kijana asingesema.

Lakini kitu cha kuazima kina hukumu zake, nasi tumezisomesha kwa miaka. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoazima deraye za Safwan bin Umayya siku ya Hunayn, alimwahidi kwamba ni azima yenye dhamana. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kilichochakaa kwa matumizi ambayo mwenyewe ameyaruhusu hakilipwi, ama kilichoharibika kwa njia nyingine kiko juu ya aliyeazima. Mama yule aliruhusu safari. Hakuruhusu kukimbiza mlimani, na aliusia maji yatazamwe.

Tulimkuta akipanga mikungu ya ndizi uani. Alianza kwa kuuliza hali ya kijana, wala hakuuliza gari. Tulipomwonyesha mkono umefungwa bendeji, akamkalisha na kumpa chai. Kisha akatugeukia.

"Sheikh, mliuona mshale?"

"Tuliuona, mama. Kijana alitwambia mara mbili tusimame. Sisi ndio tuliomwambia aendelee. Na asubuhi hatukutazama maji."

Alinyamaza kidogo. Tulidhani atasema ametusamehe, kama ilivyo desturi ya watu wema, na tukaogopa kwamba tungefurahi kupita kiasi. Akasema, "Rejeta ilikuwa imechoka kabla yenu, hiyo ni yangu, na kile kifuniko na hozi pia. Hedi na gasketi ni zenu." Halafu akaongeza, "Asanteni kwa kuniambia la Majengo. Ningempa mtu mwingine gari hili nikidhani lina ugonjwa nisioujua."

Hilo la mwisho hatukuwa tumelifikiria. Lau tungelificha, tungemwachia mjane yule gari asiloliamini, na huenda angeliuza kwa bei ya vyuma.

Matengenezo yalichukua siku tisa. Katika siku hizo alilazimika kukodi gari la kupelekea mboga zake sokoni, nasi tukalipa ukodishaji huo kwa hiari yetu, mbali na hedi, gasketi, oili mpya na kazi ya fundi. Fedha hatukuwa nazo zote. Tuliandikiana mbele ya mashahidi wawili, tukalipa kwa mafungu manne kwa simu, na la mwisho lilikwenda mwezi uliopita. Mabusati yalifika msikitini Ijumaa kwa mkokoteni na bodaboda mbili.

Mkono wa kijana umepona, umebaki na alama. Sasa yuko Mombasa, anaendesha gari la madrasa. Kila asubuhi kabla ya watoto kupanda hufungua boneti, na sisi husimama kando yake tukingoja bila kusema kitu. Juma lililopita alitwambia mkanda wa feni umeanza kuchanika. Gari halikutoka siku ile, na watoto walikwenda kwa miguu.

Wabillahi tawfiq.